Ukingo wa Juu

Mashine ilikuwa na miguu minne na mapanga manne madogo ya plastiki. Judica aliiweka juu ya kitambaa cha meza alichofuma mama yake, kati ya chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu. Efrazia aliizunguka mara mbili bila kuigusa.

"Hii ndiyo ile ya kupiga picha harusini?"

"Ni ya kazi, mama. Inaruka juu ya eneo la ajali, inapiga picha mia mbili, kompyuta inaziunganisha. Unapata ramani yenye vipimo vyote."

"Na tepu ya baba yako?"

"Tepu ipo. Ya kuhakikia."

Mzee Xavery Akonaay alilisikia neno hilo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa amestaafu miezi minne iliyopita, Sajini wa usalama barabarani. Kwa miaka ishirini na minne kati ya thelathini na moja ya utumishi wake, ajali ilipotokea wenzake walihangaika na majeruhi, na magari yaliyokwama, na jamaa wanaolia. Yeye alitoa tepu. Alichora ramani mia tatu arobaini na sita. Aliijua idadi kwa sababu kila moja aliipa namba.

Judica naye alivaa sare ileile, ila yeye alikuwa Mkaguzi Msaidizi huko Dodoma, na alikuwa anamalizia kozi ya uchunguzi wa ajali. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchukua ajali iliyopimwa kwa tepu, kuipima upya kwa mashine, kisha kuijenga tena kutokana na alama zilizobaki: nani alikuwa wapi, kwa mwendo gani, na waligongana sehemu gani ya barabara.

"Nipe moja safi, baba. Isiyo na utata."

"Ya mwisho," alisema bila kufikiri. "Fuso ya Tomaso na pikipiki. Mteremko wa kwenda Hirbadaw."

"Si bado iko mahakamani?"

"Upande wa mashtaka umeshafunga ushahidi. Nilisimama, nikatoa ramani, ikapokelewa kama kielelezo. Hakimu akaniuliza nilisomea wapi kuchora namna ile." Alijimiminia chai kwanza, ili swali lile lipate nafasi. "Nikamwambia, barabarani."

Efrazia alicheka. Jibu hilo alikuwa amelisikia kwa majirani, kanisani, na kwa fundi aliyekuja kurekebisha bomba, na bado alilicheka.

Ajali yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Siku ya mnada, kijana wa Kibarbaig aitwaye Gidabuday alikuwa amempakia kwenye bodaboda Letisia, mama muuza mitumba, wakirudi nyumbani. Tomaso, mfanyabiashara wa vitunguu saumu, alikuwa anakuja kutoka mbele akiendesha Fuso yake iliyojaa mzigo. Letisia alifia palepale. Gidabuday alivunjika mguu mara mbili. Watu waliisogeza pikipiki ili wamtoe mama wa watu chini yake, kwa hiyo Sajini alipofika, kitu pekee kilichokuwa bado mahali pake kilikuwa kovu kwenye lami, pale chuma cha kukanyagia cha pikipiki kilipochimba kilipoanguka. Palipo na kovu ndipo walipogongana. Ramani ilionyesha kovu liko upande wa Fuso. Basi aliyehama upande wake alikuwa Gidabuday, na ndiye aliyeshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari.

"Safi," alisema Judica, akachukua kiazi.

*

Walitoka Tumati asubuhi kwa gari aliloliazima Judica kwa rafiki yake. Njia nzima mzee alizungumza kuliko alivyozungumza mwezi mzima. Alimwonyesha darasa lilipokuwa, ambalo mwalimu wake alikuwa akimpa chaki za kuwekea alama barabarani, kipande kimoja kwa ajali ndogo na viwili kwa kubwa. Alimwonyesha nyumba ya bibi aliyekuwa akimpa maziwa kila akipita na baiskeli, akimwita "yule polisi anayepima nyasi." Siku hizo tepu ilikuwa ya kitambaa. Ikilowa inarefuka, kwa hiyo wakati wa masika ulipaswa kuipima tepu kabla ya kupima barabara. Karatasi ilibanwa kwenye ubao, penseli ikafungwa kwa uzi, na mtu alichora amesimama, jua likimchoma kisogo.

"Unakumbuka kanuni ya kwanza?" aliuliza.

"Mlima juu ya karatasi, mto chini," alisema Judica. "Halafu ndipo uandike. Nilijua skeli kabla sijajua kusoma saa, baba. Mwalimu alidhani nina matatizo."

Wote wawili walicheka. Lilikuwa jambo la kwao watu wa Mbulu, wala mzee hakuwahi kuliona kama jambo la kuelezwa. Nchi yao yote ni miteremko, na mtu huko hana kulia wala kushoto. Ana juu na chini. Hata ndani ya nyumba Efrazia alisema, "Sufuria iko upande wa juu," maana yake upande wa jiko unaoelekea kilimani, na sufuria yenyewe iko sakafuni. Askari mmoja kutoka Tanga aliyewahi kuja kula kwao alikaa akiangalia dari. Xavery alizichora ramani zake zote hivyo, kilima juu ya ukurasa, na wilaya nzima ilizisoma bila kuuliza. Mwaka wake wa mwisho zikaja fomu mpya zilizochapwa, zenye mshale wa kaskazini juu kabisa. Hakuwa na ugomvi na kaskazini. Akajifunza, akazijaza.

Penye mteremko Judica aliegesha gari, akaweka viakisi vya pembetatu, akairusha mashine. Wachungaji wawili waliokuwa wanavusha ng'ombe walisimama kuitazama. Mmoja wao, mzee mwenye shuka nyekundu iliyopauka, alimtambua Sajini.

"Afande, umerudi? Umesahau nini?"

"Sikusahau kitu. Mwanangu anajifunza."

"Aa. Kwa hiyo leo mnapima ndege."

Xavery alicheka, akachukua tepu yake. Alikusudia kumwonyesha Judica kovu kabla mashine haijaliona, kwa fahari tu. Alisimama kwenye kalavati alipoanzia vipimo vyake mara ya kwanza, akahesabu mita kumi na tisa na nusu, akavuka kwenda ukingo wa upande wa bonde, ambao ulikuwa upande wa Fuso, kama ramani yake ilivyoonyesha. Akapima mita mbili na sentimita kumi kuelekea katikati. Akainama.

Lami ilikuwa nzima. Aliifuta vumbi kwa kiganja. Ilikuwa nzima kama ukuta.

Akapima tena.

"Baba," aliita Judica. Alikuwa ng'ambo ya pili, upande wa kilima. "Kovu liko huku."

Alikunja tepu, akavuka. Judica alichuchumaa, akaweka rula, akapiga picha, akavuta tepu yake mwenyewe kutoka ukingo wa upande wa kilima. Alisoma namba, kisha akaisoma tena kwa sauti ya chini zaidi.

"Mbili na kumi. Kipimo chako ni sahihi kabisa, baba. Hata sentimita haijapotea."

Angesema kipimo kimekosewa, ingeuma kidogo kuliko hivyo.

Xavery alitoa daftari kwenye mfuko wa koti. Mwandiko ulikuwa wake, umenyooka kama kawaida. *Kovu: m 2.10 kutoka ukingo wa juu.* Alikuwa ameliandika akiwa amesimama hapahapa, macho yake kwenye kilima, na kwa mtu wa Tumati ukingo wa juu ni ukingo wa upande wa kilima. Siku mbili baadaye, mezani, mbele ya fomu yenye mshale, alilisoma neno lake mwenyewe na kuliweka kovu juu ya karatasi. Juu ya karatasi ilikuwa kaskazini. Kilima kilikuwa kusini.

Pikipiki ilikuwa ikienda ikiacha kilima kushoto kwake. Upande wa kilima ulikuwa haki yake. Gidabuday hakuhama. Fuso ndiyo iliyohama.

Wachungaji walikuwa wameshavuka. Yule mzee aligeuka mara moja kumtazama, kisha akaendelea na ng'ombe wake.

*

Efrazia alisikiliza yote huku akipepeta maharage. Alipomaliza kusikia, aliendelea kupepeta.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi," alisema Judica.

"Basi."

"Mama Judica," alisema Xavery.

"Mimi sijasema kitu. Nimesema basi." Aliweka ungo chini. "Baba Judica, nani alituhamisha kutoka kota za polisi kuja hapa?"

Wote watatu walijua. Alipostaafu, mwezi mmoja baada ya ajali, Tomaso alileta Fuso mbele ya kota bila kuombwa, akapakia vitanda, kabati, mabati na kuku, akavileta mpaka mlangoni Tumati, akakataa hata hela ya mafuta. Alisema mtu aliyetumikia nchi miaka thelathini na moja hawezi kuhama kwa punda. Majirani walisimama barabarani kutazama. Siku ile Xavery aliona ni heshima.

"Kosa la kalamu halina rangi," alisema Efrazia. "Watu ndio watalipaka. Watasema Mmbulu amembeba Mmbulu mwenzake, Mbarbaig akafungwa. Watasema ramani iliuzwa kwa kitanda. Nitakaa benchi gani kanisani, mimi?"

"Lilelile."

"Unasema wewe unayekaa upande wa wanaume."

Judica alikuwa amefungua kompyuta, lakini hakuwa akiitazama. "Baba, naweza kuchagua ajali nyingine kwa ajili ya kozi," alisema. "Zipo mia tatu na arobaini na tano."

Xavery alimtazama. Aliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyoitumia akiwa na miaka tisa, alipovunja chungu na kumwuliza baba yake kama chungu kile alikipenda sana.

"Ukichagua nyingine, kovu litahama?"

"Halitahama."

"Gidabuday anatakiwa mahakamani lini?"

"Wewe ndiye unajua."

"Jumatano," alisema. "Atajitetea. Hana wakili. Hukumu ikifuata, ni miaka. Na baba yake ameshapeleka ng'ombe kwa kina Letisia, kuomba wasiwekeane chuki. Amekubali kosa la mwanawe kwa sababu ya karatasi yangu."

Efrazia aliinua ungo, akauweka tena. "Mimi nilikupenda ukiwa koplo mwenye baiskeli," alisema kwa hasira. "Sikukupenda kwa ramani." Akaingia ndani. Baada ya muda wakamsikia akifungua sanduku. Alikuwa anatafuta shati jeupe la mumewe, alinyooshe.

*

Kwa Tomaso alikwenda mwenyewe, kwenye ghala lake la vitunguu, kwa kuwa hakutaka mtu huyo asikie kwanza mahakamani. Tomaso alimkaribisha juu ya gunia. Aliposikia habari, alibaki akimenya kichwa cha kitunguu saumu mpaka kikabaki mikononi mwake kama vidole.

"Mzee, mimi sikukuomba unichoree kitu."

"Hukuniomba."

"Nilitoka Arusha siku ile bila kulala. Nilisikia kishindo, nikashtuka. Niliposhtuka nilikuwa upande wangu. Nilikuambia ninachokijua." Alitupa maganda chini. "Na ulipohama nilikubebea kitanda."

"Ulinibebea. Nimekuja na nauli yake."

"Sitaki nauli yako! Unaniletea hela mbele ya vijana wangu, watasema nini?" Wapakiaji wawili mlangoni walijifanya kuhesabu magunia. "Ondoka, mzee. Nakuheshimu. Ondoka."

Kituoni alikaa kwenye benchi la wananchi, lile lililo chini ya mbao za matangazo, kwa saa mbili. Kwa miaka mingi alikuwa amepita mbele ya benchi hilo bila kujua kwamba lina mguu mmoja mfupi. Askari wa mapokezi, kijana aliyekuwa amemfundisha kushika tepu, alimwita "mzee" mara tatu, wala si "afande," na hakukosea, ndivyo alivyokuwa. Hatimaye akaelekezwa kwa wakili wa serikali anayeendesha kesi, bwana Herman, ambaye alisikiliza huku akisoma simu, kisha akaiweka simu chini.

"Unaelewa unachofanya? Wewe ni shahidi wangu."

"Mimi ni shahidi wa nilichokiona. Nilichokiona kiko barabarani bado."

"Wataniuliza kama ulipewa kitu."

"Nilihamishiwa vyombo na gari la Tomaso, mwezi mmoja baada ya ramani. Andika."

Herman alishika kalamu, lakini hakuandika. "Hiyo hukulazimika kuisema."

"Ramani ikianza kuchagua cha kuonyesha, si ramani."

Herman alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mzaha kwenye uso usiokuwa na mzaha. Kisha akaandika.

*

Jumatano hakimu aliruhusu shahidi aitwe tena. Xavery alisimama na shati lake jeupe, akaeleza neno *juu*. Aliona mara moja kwamba halielezeki. Karani, mtu wa Moshi, aliacha kuandika.

"Shahidi," alisema hakimu, "unaiambia mahakama kwamba ulichanganya juu na chini?"

Nyuma watu walicheka. Xavery alingoja wamalize, kama alivyokuwa akingoja magari yapite kabla ya kuvuta tepu.

"Mheshimiwa, sikuchanganya. Kwetu juu ni kilimani. Kwenye fomu juu ni kaskazini. Niliandika kwa lugha ya kwanza, nikachora kwa ya pili."

"Kwa miaka ishirini na minne ulikuwa ukichora. Ramani nyingine je?"

Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe kwa siku nne, na kwa siku hizo nne yeye na Judica walikuwa wamekaa kwenye meza ya kulia chakula na madaftari yote. "Fomu yenye mshale nimeijaza mara kumi na moja. Kumi tumezikagua na ziko sawa, kwa sababu barabara hizo zina kilima kaskazini. Orodha hii hapa. Hii moja ndiyo iliyokuwa na kilima kusini."

"Tumezikagua, wewe na nani?"

"Na Mkaguzi Msaidizi Judica Xavery."

"Ni nani wako?"

"Mwanangu."

Watu walicheka tena. Tomaso, aliyekaa karibu na dirisha, hakucheka. Gidabuday alikuwa kizimbani, fimbo mkononi, akimwangalia Sajini kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Hakimu alifunga jalada. "Mahakama itakwenda kuona," alisema.

Walikwenda mchana uleule, magari mawili. Hakimu alikuwa mama mwenye viatu vya kisigino kifupi, na alitembea kutoka kalavati akihesabu kwa mdomo huku karani akishika tepu upande mmoja na Herman upande mwingine. Alisimama kwanza upande wa bonde, kwenye lami nzima. Kisha akavuka. Aliinama, akaingiza vidole viwili kwenye kovu, akabaki hivyo kwa muda kama anayepima mapigo ya moyo.

Aliposimama alijifuta mkono kwa karatasi, akamtazama Herman. Herman alisema upande wa mashtaka unaomba kuondoa shtaka dhidi ya mshtakiwa, na jalada lirudi kwa upelelezi. Tomaso alikuwa ameshageuka, anatembea kuelekea kwenye gari.

Hakimu alimwambia Gidabuday yuko huru. Ilibidi amwambie mara mbili.

Magari yalipokuwa yanageuzwa, Gidabuday alibaki ukingoni. Xavery alimwendea. Alikuwa ameandaa maneno tangu Tumati, yamepangwa kwa mfuatano.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba." Maneno yote yalikuwa yamepotea isipokuwa machache. "Gidabuday, nilikosea mimi. Si wewe."

Kijana aliangalia barabara, upande wa bonde, mahali pasipokuwa na kitu.

"Siku ya kwanza nilisema nilikuwa upande wangu," alisema. "Hata hospitali nilisema. Halafu wakaniletea karatasi yako. Imechorwa vizuri sana, ile. Kalavati ipo, mti upo, kila kitu kipo. Nikasema, huyu mzee amepima, mimi nilikuwa na hofu tu. Labda nilihama." Alihamisha fimbo mkono wa pili. "Yule mama, Letisia, alikuwa amenishika hapa, mabegani. Hilo najua. Lakini kichwani kwangu, kila nikikumbuka, tunapita kule chini. Kama ulivyochora."

"Hamkupita kule."

"Nimesikia. Nimeona mama hakimu ameweka vidole."

Gari la mahakama lilipiga honi. Gidabuday hakusogea, wala hakuonekana kuwa na hasira. Hasira Xavery angeweza kuipokea.

"Nipe muda, afande," alisema. "Nimeshaizoea ile yako."